Gamba Tupu Kizimbani

SOMO LA KIKUNDI: Tumjue kaa kabla ya kumshuku mwenzetu



Somo la mara hii linamhusu kaa. Si kaa la moto, hapana. Ni kaa koko, yule mkubwa wa matopeni mwenye magando ya nguvu, ambaye vikundi vya pwani humfuga katika vizimba ndani ya mikoko.

Mradi wa kaa una maadui wengi: mvua kubwa inayotia maji baridi horini, kizimba kilichooza, wezi wa usiku. Lakini kuna adui mwingine anayeweza kuuvunja mradi hata kama kaa wananenepa vizuri. Asubuhi mtu anafungua kizimba, anakuta gamba tupu, na kaa hayupo. Hapo hapo maneno yanaanza. "Nani alilinda jana?" Asiyejua tabia ya kaa atamtafuta mwizi, na akimtafuta sana atampata, hata kama hakuna aliyeiba.

Lengo la somo: kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kwa nini kaa hujivua gamba, (b) kulitofautisha gamba la kaa aliyejivua na la kaa aliyekufa, aliyeliwa na wenzake au aliyepikwa, (c) kupanga kizimba na daftari ili kaa wasipotee ovyo wala watu wasisingiziane.

Muda: saa mbili. Mkipenda ligawanyeni somo kwa mikutano miwili.

Mahitaji: gamba la kaa aliyejivua kama mnalo, kaa mmoja mzima, na daftari la mradi.


SEHEMU YA 1: IGIZO FUPI

Wanakikundi wanne waigize mbele ya wenzao. Wengine wakae kimya, watazame.

MWEKA HAZINA: (anahesabu kizimbani) Jana jioni niliandika kaa 12. Leo nahesabu 11. Na hiki ni nini tena? (anainua gamba) Gamba zima, ndani hamna kitu!

MAMA: Basi si tumeelewa? Mtu amekula nyama, akaturudishia gamba ili tudhani kaa yupo.

MLINZI: Mama, wallahi mimi sijamgusa kaa wa kikundi. Nimekesha hapa hapa, tochi mkononi.

MAMA: Sasa ni nani, kijana wangu? Ufunguo si unao wewe?

MWENYEKITI: Hebu ngojeni kwanza.

MWEKA HAZINA: Tungoje nini, Mama Mwenyekiti? Kaa yule alikuwa karibu nusu kilo. Ni pesa ile. Akatwe kwenye posho yake, mambo yaishe.

Igizo liishie hapo. Msilimalize. Sasa jadilianeni:

1. Mmeona nini katika igizo hili?
2. Nani amehukumiwa, na ushahidi ni upi?
3. Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwetu, pengine kwenye sanduku la akiba, kuku wa mradi, au kioski cha maji? Liliishaje?
4. Tungefanya nini ili kuujua ukweli?

Swali la 4 msilijibu kwa haraka. Tuendelee kwanza, tumjue huyu mnyama.


SEHEMU YA 2: KWA NINI KAA HUJIVUA

Sisi watu mifupa yetu iko ndani na nyama iko nje. Mtoto akikua, mifupa hurefuka polepole na ngozi nayo hufuata. Kaa ni kinyume chetu. Gamba lake ndilo mifupa yake, nalo liko nje, limemfunika kila upande mpaka kwenye vijiti vya macho. Gamba hilo likishakauka haliongezeki hata kidogo. Kwa hiyo kaa hawezi kukua kila siku kidogo kidogo kama mbuzi. Hukua kama mtu anayepanda ngazi: hubaki kimo kile kile kwa wiki au miezi, kisha siku moja huvua nguo yote ya zamani na kutoka akiwa mkubwa zaidi.

Mama anayenunua sare ya shule analijua jambo hili. Akinunua ile inayomkaa mtoto sawasawa leo, mwakani haimtoshi. Basi ananunua kubwa kidogo, akunje upindo. Kaa naye hushona sare mpya kabla ya kuivua ile ya zamani. Chini ya gamba gumu hutengeneza jingine, jembamba na laini, lililojikunja ili litoshe. Wakati huo huo hufyonza sehemu ya madini yaliyo katika gamba kuukuu na kuyarudisha mwilini.

Siku ikifika, kaa hunywa maji mengi mpaka mwili unavimba. Gamba kuukuu hupasuka kwa nyuma, pale mgongo unapokutana na kile kipande kilichokunjwa chini ya tumbo. Kaa hutoka kinyumenyume. Huvuta miguu yake, huvuta magando makubwa kupitia viungo vyembamba, na huacha nyuma hata ngozi ya macho, ngozi ya matamvua anayopumulia, na meno yaliyo ndani ya tumbo lake. Kazi hii yaweza kuchukua chini ya saa moja au saa kadhaa. Si wote wanaomaliza salama. Wengine hukwama katikati wakafa.

Anayetoka salama ni mlaini kabisa. Ukimgusa anabonyea. Magando yake, ambayo jana yangeweza kukuvunja kidole, leo hayana nguvu. Baada ya saa kadhaa gamba jipya huwa kama karatasi ngumu, halafu kama ngozi ya kiatu, na kukauka kabisa huchukua siku kadhaa. Hapo nje ni mkubwa, lakini ndani bado amejaa maji. Nyama huhitaji wiki kadhaa za kula vizuri ndipo iijaze ile nyumba mpya.

Mambo mengine matatu ya kukumbuka:

Moja. Kaa wachanga hujivua mara kwa mara, wakubwa hujivua mara chache. Kwa hiyo kizimba cha kaa wadogo kitakuwa na magamba mengi zaidi.

Mbili. Kaa aliyekatika mguu au gando huota kichipukizi kidogo pale pale. Akijivua hutoka na mguu mpya, ingawa huwa mdogo kuliko mwingine. Akijivua tena na tena unarudi kuwa wa kawaida.

Tatu. Kaa jike hupandwa pale anapokuwa amejivua na bado ni mlaini. Dume huweza kumkumbatia siku kadhaa kabla, amemweka chini yake, na kumlinda baada ya hapo. Ukiwaona hivyo usidhani wanapigana. Baadaye jike huelekea bahari kuu, na mayai yake huhesabiwa kwa mamilioni. Ndiyo maana tunashauri jike mwenye mayai nje, chini ya tumbo, arudishwe majini. Huyo ndiye mbegu ya hori.


SEHEMU YA 3: KULISOMA GAMBA

Gamba likisomwa vizuri lina habari nyingi. Likionekana tupu kizimbani, mtu asilitupe na asilivunje. Liwekwe kwenye beseni, waitwe watu watatu au zaidi, waliangalie pamoja kwa mambo haya.

A. Gamba la kaa aliyejivua. Ni zima, lina miguu yote na magando yote, hata vifuniko vya macho vipo. Ni jepesi kwa mkono. Limefunguka kwa nyuma, na ukiinua mgongo wake hufunguka kama kifuniko cha kasha. Ndani hamna nyama, kuna ngozi nyepesi na mfano wa manyoya, ambayo ni ngozi ya matamvua. Halinuki uvundo. Rangi yake ni ile ile ya kaa mbichi, kijani cha matope au kahawia.

B. Mzoga wa kaa. Ni mzito. Nyama na maji maji yamo ndani, na harufu yake haifichiki. Mgongo haukufunguka wenyewe kwa nyuma.

C. Kaa mgumu aliyeliwa na wenzake. Utakuta vipande: mguu huku, gando kule, gamba limevunjwa, na mabaki ya nyama.

D. Kaa aliyepikwa. Gamba lake ni jekundu. Wekundu huo umo ndani ya gamba siku zote, lakini umeshikwa na protini kiasi kwamba hatuuoni. Moto ukiivunja ile protini, wekundu hutokea. Angalieni lakini: gamba lililokaa juani siku nyingi laweza pia kugeuka rangi. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha gamba bichi, lililookotwa asubuhi ile ile.

Tena fikirini hivi. Mtu anayekula kaa huvunja magando ili atoe nyama. Hakuna mtu awezaye kuitoa nyama yote ya kaa, mpaka kwenye ncha za miguu, bila kuvunja kitu, kisha alifunge gamba kama lilivyokuwa. Kaa mwenyewe tu ndiye mwenye ufundi huo.

Sasa swali gumu. Kama kaa alijivua, mbona yeye mwenyewe hayupo? Jibu mara nyingi liko kizimbani humo humo. Kaa ni walaji wa wenzao. Mwenzao akijivua kati yao, wao ni wagumu na yeye ni mlaini, hana magando ya kujitetea wala gamba la kumkinga. Humla, na kwa kuwa mwili wote ni laini, pengine hawaachi chochote. Hubaki gamba lake kuukuu peke yake. Angalieni pia kama kuna shimo chini ya kizimba au mwanya pembeni, kwa maana kaa ni mchimbaji hodari.

Na tuseme ukweli wote. Gamba lililojivua halithibitishi kwamba hakuna mwizi. Mtu anaweza kumchukua kaa mlaini na kuliacha gamba. Lakini halithibitishi kwamba mwizi yupo, na asiye na ushahidi hana ruhusa ya kutaja jina la mtu.

Kazi ya kikundi: rudini kwenye igizo. Wale wanne wasimame tena, wamalize, kila mmoja akiwa na ujuzi huu. Mama Mwenyekiti atasema nini? Mweka hazina ataangalia nini kwanza?


SEHEMU YA 4: DALILI ZA MAPEMA NA LA KUFANYA

Kaa hajivui ghafla bila kutoa habari. Anayemlisha kila jioni ataziona dalili:

- Huacha chakula siku chache kabla. Kaa ambaye jana alirukia kichwa cha samaki, leo hakigusi.
- Hupoa, hujificha, hataki kusumbuliwa.
- Gamba huonekana chakavu, pengine limeota uchafu na chaza wadogo.
- Kama alikatika mguu, kile kichipukizi huvimba.
- Mwishoni kabisa ufa huonekana kwa nyuma.

Huko Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, wavuvi wa kaa wa buluu hutazama mguu wa nyuma ulio bapa kama kafi. Ukingoni huonekana mstari wa gamba jipya chini ya lile kuukuu. Ukiwa mweupe siku bado zipo, ukiwa wa waridi zimekaribia, ukiwa mwekundu ni leo au kesho. Huyo hutengwa na wengine mara moja. Kaa wetu koko ni wa aina nyingine, lakini funzo ni lile lile: mfugaji mzuri humtenga kaa kabla hajawa mlaini, hangoji mpaka aliwe.

Basi tufanye nini?

1. Kila kaa na chumba chake. Kizimba kigawanywe vyumba kwa mbao, fito au wavu mgumu, au kila kaa awekwe kwenye sanduku lake la plastiki lenye matundu. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote.

2. Kama vyumba havijatosha, kaa wa kimo kimoja wakae pamoja. Msichanganye mkubwa na mdogo.

3. Wekeni maficho. Mwaka 2013 watafiti David Mirera na Per-Olav Moksnes walichapisha kazi yao kuhusu jinsi kaa koko wachanga wa Afrika Mashariki wanavyolana. Walionyesha kwamba maficho yanasaidia kupunguza kulana. Vipande vya bomba, vigae vya mitungi, kamba kuukuu zilizofumuka, vyote hivyo hufaa.

4. Wapeni chakula cha kutosha, hasa jioni, maana kaa ni mtembezi wa usiku. Vichwa na matumbo ya samaki, au konokono wa mikokoni waliovunjwa. Kadirieni kilo 5 hadi 10 za chakula kwa siku kwa kila kilo 100 za kaa. Ikiwa mna kilo 10 za kaa, ni nusu kilo hadi kilo moja. Kilichobaki kiondolewe asubuhi, kisioze.

5. Kaa anayejivua asiguswe. Msimvute miguu ati mnamsaidia, mtamng'oa. Msimtoe majini. Msimpe chakula mpaka agande, wala msiwe na haraka ya kuliondoa gamba kuukuu kama yuko peke yake chumbani, kwa sababu mara nyingi hulirudia akalitafuna apate madini yake.

Kuhusu mahali pa kuweka kizimba: sehemu za hori la Tudor hupokea maji machafu kutoka mjini. Msiweke kizimba karibu na mdomo wa mtaro. Kaa ni chakula cha watu. Tena msikate mikoko kwa ajili ya fito. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Muoneni afisa wa misitu na kamati ya ufuo, BMU, kabla ya kuanza. Kwa ushauri wa ufugaji wenyewe, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iko hapa hapa Mombasa, Mkomani. Mtafiti wake James Mwaluma alichapisha mwaka 2002 utafiti wa kufuga kaa koko ndani ya nyua katika mikoko ya Mtwapa. Ujuzi uko karibu nasi. Kuuliza si ujinga.


SEHEMU YA 5: TANGI LA MAFUNZO

Kikundi ambacho hakijawahi kumwona kaa akijivua kinaweza kujifunza kwa kaa mmoja nyumbani. Baadhi ya nyumba za mjini huweka tangi la kioo sebuleni kwa samaki wa mapambo. Tangi kama hilo, au hata beseni pana la plastiki, linatosha. Watoto watafurahi, na watajifunza kuliko sisi.

- Chagueni kaa mdogo, kwa kuwa hujivua mapema kuliko mkubwa.
- Tumieni maji ya bahari yaliyotekwa wakati maji yamejaa, mbali na mitaro. Maji ya mfereji hayafai, yana dawa na hayana chumvi.
- Maji machache huchafuka upesi. Yabadilisheni kila siku, au wekeni pampu ndogo ya hewa kama umeme upo.
- Tieni mchanga kidogo na kigae cha kujificha. Wekeni kifuniko kizito chenye matundu. Kaa hupanda!
- Tangi likae kivulini, na usiku asimulikwe taa kila mara.

Siku akijivua mtu atakuja mbio kuwaambia, "Wamekuwa wawili!" Mwingine atasema, "Amekufa!" Tazameni kwa makini. Mmoja kati ya hao wawili ni nguo tu. Mwacheni yule mlaini apumzike. Pimeni upana wa gamba kuukuu kwa rula, na siku kadhaa baadaye, kaa akishagumu, mpimeni yeye. Andikeni tofauti. Lile gamba likaushwe kivulini, lihifadhiwe kama kifaa cha kufundishia wanachama wapya.


SEHEMU YA 6: HESABU YA PESA

Bei hizi ni za mfano tu. Katibu aweke bei za kwenu.

Tuseme kikundi kimenunua kaa 20 wepesi kwa shilingi 200 kila mmoja: jumla shilingi 4,000. Chakula cha kuwanenepesha ni shilingi 1,000. Gharama yote ni shilingi 5,000. Wakiuzwa wote 20 wakiwa wamejaa, kwa shilingi 400 kila mmoja, tunapata 8,000. Faida ni 3,000.

Sasa tuseme 8 walijivua kati ya wenzao wakaliwa. Tunauza 12, tunapata 4,800. Tumepata hasara ya shilingi 200, na hakuna mtu aliyeiba hata kaa mmoja! Mkifanya hesabu hii mtaona kwamba mbao za kugawanya vyumba si anasa.

Na kaa aliyejivua akapona? Msimuuze mapema. Mnunuzi mzoefu hubonyeza kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na miguu. Akibonyea ni mtupu, na bei hushuka. Mlisheni wiki kadhaa mpaka ajae. Mtakuwa mmengoja zaidi, lakini mtauza kaa mkubwa kuliko yule mliyemnunua. Haraka haraka haina baraka.

Mtasikia pia kwamba Thailand, Myanmar na Marekani kaa huuzwa akiwa mlaini, akaliwa mzima na gamba lake. Ni kweli. Lakini biashara ile inataka mtu wa kukagua masanduku usiku na mchana kila baada ya saa chache, barafu, na mnunuzi aliyekubali kabla. Kikundi kinachoanza kianze na kunenepesha. Wenzetu wa Dabaso, kwenye hori la Mida kule Watamu, wamejulikana kwa mkahawa wao wa kaa ndani ya mikoko. Mkipata nauli, katembeleeni mjionee.


SEHEMU YA 7: KUTAFAKARI

Someni Danieli 13, kisa cha Susana. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walimsingizia, na watu wakawaamini kwa sababu ya vyeo vyao. Alikuwa akipelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakufanya muujiza mkubwa. Aliwatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja swali moja: ilikuwa chini ya mti gani? Majibu yao hayakulingana, na Susana akaokoka.

Ndugu zetu Waislamu walio nasi katika vikundi wanakijua kisa cha Nabii Yusuf. Aliposingiziwa, ilitazamwa kanzu yake imechanika wapi. Kama ni mbele, yeye ndiye mkosaji. Ilikuwa imechanika nyuma, ikajulikana kwamba alikuwa akikimbia. Nasi tumejifunza leo kwamba gamba la kaa aliyejivua hufunguka nyuma.

Visa vyote viwili vinatufundisha kazi moja: kutazama na kuuliza kabla ya kuhukumu. Mara nyingi anayeshukiwa kwanza ni yule mdogo katika kikundi: kijana mlinzi, mgeni aliyehamia juzi, mama asiye na mume, au mtu wa dini na kabila tofauti na walio wengi. Anayeshukiwa mbele ya watu huwa kama kaa siku anayojivua. Hana kinga, na wenzake wenye magando magumu wamemzunguka.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kikundi chetu, ni nani hushukiwa kwanza jambo likiharibika? Kwa nini?
2. Kama tulimsingizia mtu mbele ya mkutano, je, inatosha kumwomba radhi faraghani?
3. Mlinzi akiogopa kushukiwa, atatuambia akiona gamba tupu, au atalitupa majini? Tukikosa habari hiyo, tutapoteza nini?


SEHEMU YA 8: TUTENDE

Kila kikundi kifanye maazimio yake. Haya ni mapendekezo yetu:

1. Daftari la kizimba liwe na safu hizi: tarehe, namba ya chumba, kaa yupo au hayupo, amekula au hakula, gamba limeonekana au la, majina ya wawili waliohesabu. Wahesabu wawe wawili wakati wote, mmoja anayemaliza zamu na mmoja anayeingia.

2. "Hakula" ikiandikwa siku mbili mfululizo, kaa huyo atengwe.

3. Gamba likipatikana, lisomwe na watu watatu kabla ya neno lolote kusemwa juu ya mtu.

4. Posho ya mtu isikatwe bila kikao, na mwenyewe awepo, asikilizwe.

5. Aliyesingiziwa mbele ya wote aombwe radhi mbele ya wote, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama deni lililolipwa.

Kazi ya nyumbani: wiki hii kila mmoja aulize mzee mmoja mvuvi dalili anazotumia kumjua kaa anayekaribia kujivua. Zileteni kwenye mkutano ujao, katibu aziandike ukurasa wa nyuma wa daftari la kizimba.

Mkutano ufungwe kwa sala, kila mmoja kwa dini yake, tukiwaombea wote waliowahi kusingiziwa wasipate wa kuwatetea.